Msalaba Kwenye Foto za Papa

Kirotshe, tarehe 4 Machi 2013

Claudette mwanangu,

Nakusalimia sana. Huku tumeamka, mgongo unaniuma kidogo tu, na wiki hii hatujasikia risasi. Je, malaria ya Mubi imekuachilia?

Aksanti kwa kuweka foto alizopiga marehemu baba yako, Papa Evode, kwenye ukurasa wako wa interneti. Jirani yetu Victorine alinionyesha kwenye telefone yake. Watu waliochomewa nyumba Masisi wanaona tena harusi zao.

Lakini soko la Shasha limebandikwa karatasi za kuomba msaada, na mtoto aliye kwenye karatasi hizo ni Lévi wetu. Wameandika: “Yohana, yatima.” Nilimzika mdogo wako kwa jina lake, Claudette. Kuna njia ya kuzuia watu wasichukue? Kama hakuna, umtoe, hata kama sina foto yake nyingine.

Mama yako

---

Mubi, tarehe 21 Machi 2013

Mama mpenzi,

Dereva wa Mama Kaswera, muuza samaki, ameleta barua yako ikinuka samaki. Mimi ni mzima, na kazi ya fotokopi haiishi. Shikamana na dawa ya mgongo.

Kuzuia kabisa haiwezekani: anayeiona foto anaweza kuichukua. Lakini nimezifanya zote ndogo, ili mtu akizichapa kwenye karatasi ziwe kama ukungu. Tena nimeandika jina la Papa katikati ya kifua cha kila mtu, kwa sababu pembeni wanakata: “Evode †. Usichukue bila ruhusa.” Msalaba ni kwa kuwa Papa ametutoka.

Lévi sijamtoa bado. Ni vigumu kwangu pia.

Binti yako, Claudette

---

Kirotshe, tarehe 9 Aprili 2013

Claudette,

Amani kwako. Mgongo umepoa, nadhani kwa kucheka.

Binti yangu, umemuua Victorine! Watu wa Shasha wameona foto yake ya harusi na msalaba kifuani, wakaja na kuni na maharagi kwa matanga. Wamemkuta anakaanga vidagaa vya sambaza.

“Nani amekufa?” akauliza.

“Si ni weye, Mama Victorine! Iko mu interneti.”

“Basi muache nikule kwanza, njo munizike!”

Nilieleza mbele ya wote kwamba msalaba ni wa mpiga foto, siyo wa aliyepigwa, na kwamba umewekwa kwa ajili ya Lévi. Hapo Munyakazi, anayeongoza chama cha yatima, akaweka chini kuni zake.

“Mama Libérata, njo mimi nilimuchukua. Nilizania foto ya interneti iko ya kila muntu.”

Tulikwenda naye sokoni tukabandua karatasi zote. Nimemsamehe, watoto anawalisha kweli. Nimemwomba tu awaulize wenye foto kwanza. Namshukuru Mungu kwa kosa lako, lakini toa misalaba hiyo, Victorine hataki kufa mara ya pili.

Na Lévi umtoe. Munyakazi alikuwa mtu mwema. Mwingine hatakuwa hivyo. Afadhali nisimwone kuliko aitwe jina la mwingine.

Mama yako

---

Kirotshe, tarehe 2 Julai 2013

Mwanangu,

Salamu nyingi. Vita vilifunga barabara, na kwa kimya chako nilidhani nimekukasirisha. Jana bahasha yako imefika. Ndani hakuna neno hata moja, ni foto ya Lévi tu, kubwa, kutoka kwenye filamu ya kamera ya Papa. Victorine anasema kwenye ukurasa hayupo tena.

Nilitazama kifuani: hakuna kilichoandikwa. Kisha nikatazama pembeni, pale ulipokuwa umekata ulipomweka kwenye interneti. Kuna mkono unamshika shati kwa nyuma asiteleze kwenye matope. Nimeujua kwa kovu la jembe.

Aksanti, Claudette. Miaka yote hii sikujua kwamba na mimi nimo.

Mama yenu