Ndege za Muzee

Dzaleka, Desemba 1995

Kwako yaya Mulenda, mkubwa wangu, huko Baraka,

Nakusalimia sana, wewe na mama Orpa na batoto. Mguu wako unaendeleaje? Sisi huku kambini Malawi tuko, tunapumua. Vénérande, bibi yangu wa ndoa, anasema nikuambie amenenepa, lakini usimuamini. Baba naye yuko, ila macho ndiyo yamefunga kabisa, hata mwanga wa dirisha haoni tena.

Barua hii ni ya mambo ya shamba. Unajua nyumbani hakuna aliyegusa jembe mpaka baba, muzee wetu, aseme ndege zimefika, zile za shingo ya manjano zinazokula nyuki. Huku pia batu ba kwetu Fizi balimufuata. Mwaka jana, akiwa bado anaona kidogo, zilikuja mapema, akatangaza, tukapanda bote. Mama Mmalawi aliyetuazima shamba alituonya tungoje mvua ilowanishe udongo mpaka jembe lizame lote. Tukamujibu zikomo, yaani asante, tukaendelea kupanda. Mvua ikanyesha mara moja, mahindi yakaota, kisha jua likayaunguza yote.

Balagizi, yule fundi cherehani wa Uvira, akaanza kusema kwa sauti kwamba muzee amechoka, yeye na ndege zake. Baba alisikia. Akaacha kukaa na benzake baada ya ibada. Mi hiyo iliniuma kupita njaa yenyewe.

Nilipokwenda Lilongwe kuuza vitenge kwenye soko la Mchesi, nikauliza benyeji pale sokoni. Bakaniambia hata kwao zamani ndege na mvua zilikuwa zinakuja pamoja, ila siku hizi ndege zinawahi na mvua inabaki nyuma. Basi kosa halikuwa la baba. Lakini nenda umuambie wewe!

Mbegu iliyobaki ilikuwa nusu ya ile ya marehemu mama, mahindi meupe madogo uliyotufungia siku tunaondoka. Na wewe uliandika kwamba huko kwako imekwisha. Ikiungua na hii, hatutaiona tena.

Mwaka huu, mwezi wa kumi, ndege zikaja. Nilikuwa shambani, nikaziona zinazunguka juu, nikanyamaza. Jioni muzee akaniuliza kama zimefika, nikasema bado. Akawa ananiuliza kila jioni, nami nasema bado. Vénérande akanicheka, eti biashara ya Mchesi imenifundisha kudanganya bila kupepesa macho. Batoto ba nyumba yetu nilibakataza kuzitaja. Baba alikuwa anakaa mlangoni, uso ameuelekeza juu, anangoja. Yaya, nilimuhurumia, nikakaribia kusema.

Mvua ya kweli ilipopiga, nikaenda kuchimba, jembe likazama lote. Nikarudi nikamuambia ndege zimefika. Akanituma nipite nyumba kwa nyumba. Batu ba Fizi bakapanda, na Balagizi naye akapanda, bila kumuangalia mtu usoni. Sasa mahindi yanafika magotini na yamekolea kijani. Benzake banakuja kumusalimia, naye amerudi kwenye benchi lake baada ya ibada, anaongea kupita pasta.

Jumapili iliyopita nikashindwa kubeba ule uongo. Nikamukalia karibu, nikamueleza yote. Nilingoja anifukuze. Baba akacheka kidogo, akasema Mungu amemunyima macho lakini amemuachia masikio, na zile ndege haziwezi kupita juu ya nyumba bila kupiga kelele. Alizisikia tangu asubuhi ya kwanza. Nikamuuliza, sasa kila jioni alikuwa ananiuliza nini? Akasema alikuwa anangoja nimuambie udongo uko tayari, maana kwa mdomo wake mwenyewe alishindwa kubaambia batu ba Fizi baache kuzifuata. Alisema hivyo huku anapangusa uso. Nami nililia, sikufichi.

Ameniagiza nikuandikie: usipande juu ya kuona ndege tu. Chimba kwanza. Na amesema nisifiche kwamba ni yeye anasema. Alipomaliza akaniomba nimutoe nje, azisikilize tu.

Tukivuna, mbegu ya mama nitakutumia kwa mkono wa Bisimwa, anayekuletea barua hii. Usisahau kumupatia chakula, anakula sana.

Utusalimie bote ba nyumbani, na kaburi la mama ulifyekee majani kwa niaba yetu.

Mdogo wako,
Wilondja