Mvinyo Uliotemwa Mlangoni kwa Tata Kalombo

Kolwezi, tarehe 8 Desemba 1957

Mpendwa Yaya Ndaya, ndugu yangu mkubwa,

Habari za siku nyingi? Kifua kimetulia, au upepo wa ziwa bado unakusumbua? Mwanao Omer na wadogo zake hawajambo? Sisi huku tu wazima. Mvua tu inatuchosha: paa la jikoni linavuja juu ya moto, na mke wangu Tshibola hapiki bila kugomba.

Na mimi leo nina la kugomba. Muamba amerudi jana kutoka kwako Albertville, anasema umesimamisha ndoa ya Omer na Agnès. Eti baba yake Agnès, Tata Kalombo, anatia sumu kwenye mvinyo wake wa asali, hata mzungu akautema. Yaya, nimekasirika na sitaficha. Gari la mzungu huyo nililiendesha mimi. Si ungeniuliza kwanza?

Basi sikiliza. Mzungu ni mfanyabiashara wa vinywaji, alikuja kutafuta mvinyo wa asali wa mwaka huu auuze katika chupa. Tuliwazungukia wafuga nyuki kuanzia ng'ambo ya Mutoshi hadi ukingoni mwa Lualaba, mimi nikiwa shofele na mkalimani. Kusema kweli mwaka ni mzuri. Miti ilichanua sana kabla ya mvua, na mvinyo umetoka mwepesi, una harufu ya maua. Ule wa mwaka jana, unakumbuka, ulinuka moshi na kuamka nao ilikuwa taabu.

Tulianza kwa Kalombo. Nusu ya kijiji walikuja kutazama. Kalombo akamimina, akanywa yeye kwanza kama inavyopasa, mgeni aone hakuna ubaya ndani. Mzungu akapokea, akanusa, akazungusha kikombe, akasukutua kama mtu anayesafisha meno. Kisha akautema chini, mlangoni kwa mwenye nyumba, mbele ya watu wote.

Akina mama waliokuwa wameshika vikombe wakaviweka chini. Mzungu akaniambia kwa Kifaransa kwamba ni mzuri sana, nami nikatafsiri kwa sauti kubwa, nikarudia tena. Nani angeniamini, na mvinyo wenyewe uko kwenye tope?

Kalombo hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, « Tata, mi nilikunywa wa kwanza, bote balimona. Sasa anatema juu ya nini? »

Garini nilimuuliza mzungu kwa nini alitema. Akacheka, akasema kwao mwonjaji hutema, la sivyo atalewa kabla ya kumaliza safari. Haya, ni desturi yao. Lakini aende akatemee kwao. Nilimwambia hivyo kwa adabu ya shofele anayependa kazi yake, na kwa wengine wote alikwenda kutema nyuma ya gari. Mwishowe akasema wa Kalombo umeipita yote na atauchukua wote. Hilo kijiji hakikulisikia. Kilichobaki kijijini ni yale mate.

Jumapili iliyofuata Kalombo alipeleka kibuyu kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani. Walikipokea kwa mikono miwili, wakashukuru, wakakiweka nyuma ya mlango. Hakuna aliyekigusa. Nilikitoa mimi, nikanywa wakinitazama kama mtu wa kuzikwa kesho. Agnès naye siku hizi huenda kisimani peke yake, wenzake wakisharudi.

Hao nawaelewa, waliona kwa macho yao. Wewe sikuelewi. Tulipomlilia mama, wewe ulikula kwa Kalombo wiki nzima, ukanywa kwake, ukamwita ndugu. Leo neno limepanda treni mpaka ziwani, na wewe umelipokea bila kuliuliza limetoka wapi. Mtoto wa watu anakosa ndoa kwa ajili ya mate ya mgeni. Hapana, Yaya, hilo silikubali, hata kama wewe ni mkubwa wangu.

Nisalimie Omer, umwambie Agnès anamngoja bado. Msalimie pia Mama Ngeleka na wote wa nyumba yake. Mungu awalinde, akutulizie kifua, awaruhusu kufika Krismasi mkiwa wote mezani.

Muamba anarudi huko kwa treni ya kesho. Kwa kuwa maneno aliyabeba yeye, nimempa abebe na chupa hii ya mvinyo wenyewe. Ukikuta haikujaa, usimlaumu. Kalombo alikunywa wa kwanza, kisha Agnès, kisha mimi, ndipo tukaifunga. Sasa zamu ni yako, Yaya, na mwite Omer akuone. Ukiwa na neno la kusema juu ya ndoa, liseme baada ya kumeza.

Ndugu yako akupendaye hata akigomba,

Mwenze