Mashine Uliyomchagulia Mama Yako

Baba Wambui wangu,

Huko uliko natumaini hakuna ukungu. Huku Mweiga Julai imerudi na tabia zake. Wiki yote hatujauona mlima, na hata safu ya Nyandarua, iliyo hapa mgongoni mwetu, imejifunika blanketi. Nimekaa kando ya jiko la makaa nikiwa nimevaa soksi zako za sufu, na usinidai, maana hukuzichukua.

Jana Wambui alileta fundi wa sola. Stima tunayo siku hizi, nguzo zilifika hadi langoni, lakini upepo ukikohoa tu, inapotea. Kwa hivyo binti yako ameamua nyumba iwe na betri tena. Fundi, kijana mwenye adabu, akafungua boksi akaanza kunieleza inveta ni kitu gani, kwamba hugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Nikamwacha amalize. Kisha nikamuuliza: hii yako inastahimili injini ikianza? Chaja yake inakubali jenereta ndogo? Na inapumulia upande gani?

"Cucu," akasema, kana kwamba mimi ni nyanya yake, "kwani hizi vitu ulifunzwa wapi?"

"Hapa hapa nyumbani. Na mume wangu."

Nikaenda jikoni kujifanya natafuta sukari, nikalia kidogo. Ndiyo sababu ninakuandikia.

Nilikumbuka ile miaka ya tisini, mama yako alipohama Othaya akaja kukaa nasi. Pumu ilikuwa imemshika vibaya. Akitembea kutoka kitandani hadi mlangoni alikuwa anasimama mara mbili, akishika ukuta, na sisi tunajifanya hatuoni ili asione aibu. Dada yako aliyekuwa nesi ng'ambo akatutumia ile mashine ya kugeuza dawa kuwa mvuke. Nzuri sana, ila ilitaka stima ya ukutani, na sisi tulikuwa na sola moja juu ya mabati na betri moja ya kuwasha taa na televisheni isiyo na rangi. Ukaizunguka ile mashine siku nzima, mikono nyuma. Jioni ukaniambia, "Mama hatakufa akitafuta hewa kwa nyumba yangu." Hukuwa mtu wa maneno makubwa, kwa hivyo nilijua mambo yamekuwa mazito.

Tulienda Nyeri mjini pamoja. Ulisema macho manne huona zaidi, lakini mimi nilijua ulitaka mtu wa kubeba viazi vya kuchemsha. Uliifunga mashine ya mama kwa shuka kama mtoto mchanga, ukaiweka juu ya kaunta ya duka. Muuzaji akakuonyesha inveta ndogo, nyepesi, inayopendeza. Ukamwambia aiwashe na mzigo wenyewe. Ikalia pii! ikanyamaza.

"Hii ni ya TV na redio, mzee," akasema. "Injini ikiamka inakula mara tatu."

"Basi lete ile inaweza kulisha."

Akaleta nyingine, nzito kama jiwe la kusagia. Hiyo ikaivuta mashine bila kulalamika. Mtu mwingine angetosheka, lakini wewe nani angekutosheleza? "Na Julai je? Jua ikikosa?" Akakueleza kwamba hiyo ina chaja ndani yake, ukileta jenereta ukachomeka, betri inajaa, jua liwe lipo lisiwepo. Ukaiwasha na kuizima, ukaiwasha na kuizima, mpaka muuzaji akachoka.

"Mzee, unanunua ama unacheza?"

"Ni ya mama yangu," ukasema.

Muuzaji akakuvutia stuli ukakaa, ukaendelea kuwasha na kuzima.

Mtamba wangu mweusi aliuzwa kwa ajili ya lile jiwe, na nilinuna kwelikweli. Ulitambua kwa sababu ulianza kuosha vyombo bila kutumwa na mtu. Nilikusamehe siku mama alipovuta ule mvuke mara ya kwanza. Mabega yake yalishuka polepole, akafumba macho, akasema, "Ĩĩ." Ndiyo moja tu. Ulitoka nje haraka ukasema unaenda kuangalia ng'ombe, na ng'ombe walikuwa mbele yetu wanakula.

Tangu siku hiyo ukawa serikali ya betri. Pasi ya stima ilipigwa marufuku kabla hatujaifikiria. Televisheni ilizimwa habari zikiisha, hata watoto walie vipi. "Betri si sufuria, haikombwi mpaka chini!" ulikuwa unapiga kelele. Jumamosi unasafisha vichwa vyake kwa maji moto, unavipaka grisi, unachungulia maji ya ndani kwa tochi kama daktari wa koo. Ukungu ukizidi unakodi jenereta ya yule jirani yetu wa kuchomelea vyuma, unaileta kwa wilbaro, inanguruma uani hadi kuku wanahamia kwa majirani. Wambui alikuita Bwana Stima nyuma ya mgongo wako. Ulisikia, ukafurahi, ukajifanya hujasikia.

Na sasa ile habari ya kitambaa. Najua unacheka.

Nyumba zetu unazijua: kochi lina kitambaa, redio ina kitambaa, chupa ya chai ina kitambaa. Kitu cha heshima hakiachwi uchi. Mama yako akaona mashine inayompa pumzi inakaa hivi hivi tu, haina hata nguo. Akaagiza uzi mweupe, akashona kwa kulabu miezi kadhaa, akikohoa na kushona, mpaka akatoa kitambaa kizito chenye maua pembeni. Akaivika inveta yeye mwenyewe, akakikunja mara mbili ili kikae vizuri. Sote tulikisifu. Wanawake wa kanisa walikuja kunywa chai wakakisifu zaidi. Wewe, Bwana Stima, ulikishika ukasema hujawahi kuona maua kama yale.

Halafu ikaja ile alasiri ya Julai. Jenereta ilikuwa imechaji tangu asubuhi, mwenyewe akawa ametoka tu kuichukua. Kifua cha mama kikambana. Nikamwekea dawa, nikawasha, mvuke ukatoka kidogo, kisha kimya. Ukaja mbio ukawasha tena. Kimya. Mama ameshika ukingo wa meza, midomo inageuka rangi, na mimi namsugua mgongo nikimwita Yesu na wewe kwa pamoja. Uliangalia betri, imejaa. Waya ziko sawa. Nilikuona uso ukikuanguka. "Nilichagua mbaya," ukasema. "Nilichagua mbaya, Mama Wambui."

Ndipo mkono wako ukagusa kile kitambaa. Ukakirusha kule. Chini yake inveta ilikuwa moto kama pasi, haina pa kutolea joto, ikawa imejizima yenyewe. Ukanyakua ungo ukaanza kuipepea, mimi nampepea mama kwa kanga, na mtu angechungulia dirishani angesema tumerukwa na akili. Sijui ilichukua muda gani. Niliona ni muda wa kuvuna shamba. Kisha feni yake ikalia, mvuke ukarudi, na mama akarudi nao.

Mwanamume uliyekuwa unawafokea madalali wa ng'ombe sokoni, ulishindwa kumwambia mama yako kwamba kitambaa chake nusura kimuue. Siku tatu ulikuwa unakivua akilala na kukirudisha akiamka. Mwishowe akatuita sote wawili.

"Munafikiri mimi sioni?" akasema. "Mimi najua kufinywa kifua ni nini. Nitafinya huyo aje?" Akakikunjua kitambaa, akakuamuru uinue inveta, akakitandika mezani chini yake. "Mgeni hafunikwi kichwa. Anatandikiwa."

Tulicheka mpaka akaanza kukohoa, tukaacha kwa hofu.

Alivuka baridi yote. Aliondoka Januari, jua kali, sola inajaza betri tangu saa mbili asubuhi. Wewe ulikuwa umeenda mjini kutafuta maji ya betri. Uliporudi ukakuta majirani uani, hukuuliza mtu. Ulipita moja kwa moja hadi kwa inveta, chupa ya maji bado mkononi, ukaona taa ya kijani, ukabonyeza swichi, mashine ikaunguruma mbele ya chumba kitupu. Ndipo ukaniuliza, "Ilizima?"

Nikakwambia haikuzima. Ukaniuliza tena baada ya mazishi. Ukaniuliza tukichimba viazi, ukaniuliza njiani kutoka harusi ya Wambui, na ile wiki yako ya mwisho hospitalini ukaniuliza macho yakiwa yamefumbwa. Kila mara nilikujibu, na kila mara niliona hujaamini. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kuliko hata kitanda kuwa kipana. Uliondoka na shaka ambayo haikuwa yako kubeba.

Kwa hivyo sikiliza, kwa sababu kwa barua huwezi kunikatiza. Asubuhi ile nilimwekea dawa kama kawaida. Akavuta, mvuke ukija vizuri, betri imejaa pomoni. Katikati akasukuma mkono wangu pole pole. Nilifikiri inamuumiza. Akaniambia niizime mwenyewe, anataka kukaa kimya kidogo. Niliizima mimi, kwa kidole changu, kwa sababu aliniomba. Akaegemea mto, kifua chake kimetulia kama cha msichana. Akasema, "Mwambie mtoto wangu nimepumua nikashiba."

Nimekwambia kila uliponiuliza. Leo ninakuandikia, ili neno likae.

Ulichagua vizuri, Baba Wambui. Lala.

Mkeo,
Mama Wambui