Hewa ya Mupakani

Soumaya mutoto yangu,

Asalaam aleykum. Huku Buterere, Bujumbura, tunapumua. Mbuzi ya jirani Daphrose imezaa mapacha. Sasa usikie: nimekasirika!

Umemuambia mama yako eti huko kisiwani kwenu Uhispania mvua inaanza Oktoba, kiangazi inaingia Juni, sawasawa na Bujumbura. Eti hata wasomi wanabishana kama hewa yenu ni ya tropiki ao ya Mediterania, iko mupakani. Kwa hiyo mama akuje kuishi huko, ataona ni kama kwao. Kwao! Mutu anahama juu mvua ya watu inafuata miezi ya kwake? Huko nani atamuita Mama Soumaya asubuhi?

Hii nyumba nilijenga mi mwenyewe. Fundi kama mi hayuko Buterere muzima. Nilisema maji ya mafuriko inaniogopa. Mama yako akacheka: "Mzee, we na maji muoane basi!"

Sawa, mwaka huu iliingia. Ilifika kwa kitanda. Tangu siku ile mama yako anakohoa, na ukuta inakataa kukauka. Ukimuuliza kama anaumwa atasema apana. Usimuamini.

Nimemununulia triko ya kuzuia baridi, maana hewa ya mupakani haina msimamo. Atakuja. Mi sitoki!

Ila Oktoba mvua ikianza kwenu, anipigie, atoe simu nje. Nataka kusikia mi mwenyewe kama ni ile yetu.

Ni mi baba yako, asiyeshindwa,
Massoudi