Si Saba, Ni Nane

Mpendwa baba,

Leo usitegemee salamu ndefu, nimekuja na hasira. Nimekalia kiti chako cha cherehani hapa Nyamirambo, kile chenye mguu uliofungwa kamba, na kitabu cha jalada la kahawia kiko mapajani. Unakijua. Ni kitabu pekee cha historia ulichosoma mara tatu, na mwenyewe aliyekuazima hajakiona mpaka leo.

Nani alikufundisha kusoma na penseli sikioni? Ulikuwa ukimaliza suruali ya mteja unavuta kitabu kutoka droo ya nyuzi, unasoma kwa midomo, kisha unampa mwandishi lake palepale pembeni mwa ukurasa. "Uongo." "Huyu hakuuliza mtu." "Siku hiyo mvua haikunyesha." Pembeni hapohapo uliandika na vipimo, kiuno thelathini na nne, mkono ishirini na tatu, hata mtu akiokota kitabu chako hajui kama unabishana na mwandishi au unamshonea koti.

Jumapili baada ya adhuhuri ilikuwa siku ya maoni. Mzee Rajabu, muuza viungo wa duka la pili, anakuja na chupa yake ya chai. Consolata anashuka kwenye pikipiki kutoka Masaka, pembezoni mwa mji, viatu vina udongo wa shamba lake. Tunakaa uani, nyuma ya duka. Kila kitabu cha miaka ile ya mauaji ya kimbari kilichofika mikononi mwetu kilihukumiwa pale.

Rajabu alipenda vitabu vinavyotaja mitaa anayoijua. Wewe ulipenda kuwakamata waandishi. "Huyu ameandika akiwa hoteri," unasema, na hapo kitabu kimekwisha. Consolata hakuwa na maoni. Alikuwa na swali moja kwa kila kitabu: "Inasema wapi?" Kaka yake, Faustin, alitoka nyumbani siku zile akiwa na miaka kumi na tisa na hakuonekana tena, na dada mtu alitaka mifupa tu, aizike. Nawe ulimjibu huku macho yako kwenye sindano, "Vitabu havisemi mahari, Consolata."

"Mahali, baba," nadakia mimi. "Mahari ni ng'ombe wa harusi."

"Haya, Mwarimu ameanza!"

Mnacheka wote. R na L zilikupiga chenga maisha yako yote, kama wengi wetu hapa Kigali, na mimi niliyesomea Kiswahili mpaka nikapewa darasa la kukifundisha sikuweza kunyamaza. Nilikusahihisha kwenye chai, kwenye simu, hata kitandani ukiumwa. Nakumbuka na naona aibu.

Unakumbuka siku niliyosogeza benchi? Lile fupi, la karibu na ukuta, alilokaa Consolata miaka nenda miaka rudi. Mvua ilikuwa inapiga upande ule, nikalivuta hadi chini ya bati. Ulinifokea mbele ya watu, wewe ambaye hukuwahi kunipandishia sauti. "Rudisha! Hapo ndipo mahari pake." Nikarudisha. Consolata akakaa na mwavuli, anatabasamu, anasema fundi ana mambo yake. Mimi nilinuna wiki nzima.

Kitabu cha kahawia kilikuja mwaka wa uchumba wangu. Kilitusifu, baba! Kilisifu mtaa wetu kwa kuficha watu, na kwenye ukurasa mmoja kilimtaja fundi wa nguo, bila jina, aliyewaweka watu saba juu ya dari ya duka lake hadi vita vikapita. Rajabu alisoma kwa sauti. Tukakupigia makofi. Ulisubiri makofi yaishe.

"Kitabu kizuri," ukasema. "Lakini kimepunguza mtu."

"We fundi, acha!" Rajabu akaruka. "Kitabu inatusifu, wewe unatafuta uzi wa kuvuta!"

Hakuna aliyekuuliza ni mtu gani. Hata mimi. Consolata tu ndiye aliyeuliza lile swali lake, inasema wapi, nawe ukainuka kwenda kuwasha pasi, na nguo ya kupigwa pasi haikuwepo.

Mwaka jana ukatuacha. Nilipokuwa napanga droo yako nikafungua ukurasa ule, na pembeni, kwa penseli: "Si saba. Ni nane. Najua mahari."

Nilicheka, baba, nilicheka hadi machozi. Maana mwezi ule ule kitabu kilipofika, wajomba zangu na upande wa mume wangu walikuwa wanavutana, ng'ombe saba au nane. Nikajua ni vipimo vyako vingine tu, umeandika pale kwa sababu karatasi haikuwa karibu. Nikaubeba mzaha huo hadi kwenye arobaini yako. Watu wamekaa uani, pilau imeshaliwa, nikasema jamani, hata kwenye kitabu cha mauti baba alikuwa anadai ng'ombe wa nane! Walicheka mpaka Rajabu akakohoa.

Consolata hakucheka. Aliomba kitabu. Akaweka kidole chini ya maneno yako, akayasoma polepole. Yeye R na L zake ni kama zako.

"Mwarimu," akasema, "hii si ng'ombe. Anasema anajua mahari." Kisha akaniangalia. "Wapi?"

Sinia ikamdondoka mama. Yoo, baba, sijawahi kumsikia mama akisema maneno mengi hivyo bila kupumzika. Alisema Faustin aligonga mlango wa duka mchana, akataja jina lake na la baba yake. Kwamba wauaji walikuwa kwenye kona, watu saba wako darini, na ulishika komeo na hukulivuta. Kwamba kulipotulia ulitoka ukamkuta ameuawa chini ya ukuta, ukamzika. Kwamba ulimwapisha mama kwa Mungu asiseme, naye kiapo amekibeba mpaka amezeeka nacho.

Hakutuambia wapi. Haikuhitajika. Mimi niliangalia benchi, na nilipoinua macho Consolata naye alikuwa analiangalia.

Viongozi wa mtaa walikuja asubuhi yake, na majirani na majembe. Walichimba hadi kiunoni. Alikuwa amefungwa ndani ya tetroni ya kijivu yenye mistari, kitambaa cha suti, na pembe zote ulizishona kwa mkono, mishono midogo midogo. "Tetroni haiozi," ulikuwa ukiwaambia wateja ukikivuta kitambaa kwa vidole viwili. Kumbe ulikuwa unasema unachokijua. Tulimzika kwa heshima, na Consolata aliweka udongo wa kwanza.

Sasa nikuulize, na najua hutajibu. Mlango nauelewa. Nimekesha nao, nimejiweka mimi nyuma ya komeo lile na watu saba juu ya kichwa, na sijui ningefanya nini. Sithubutu kukuhukumu. Lakini baba, wewe uliyewaita waandishi waongo kwa kukosea siku ya mvua! Zaidi ya miaka thelathini ulimkalisha dada wa watu juu ya kaka yake, ukammiminia chai kikombeni, ukamsikia akiuliza wapi, wapi, wapi. Ulimpa benchi ili awe karibu naye? Au ulimpa ili wewe ulale usingizi? Nakupenda, na jibu la pili linanijia kila siku kabla ya la kwanza.

Nilimfuata Masaka mwezi uliopita. Alikuwa anapalilia maharage. Nilipiga magoti kwenye tuta nikamwomba msamaha kwa niaba yako, na kwa kicheko changu cha arobaini. Aliniinua. Akasema, "Mrango nausamehe. Mwambie fundi, mrango nausamehe." Akachukua jembe lake. "Benchi, hapana."

Jumapili haji tena. Rajabu anakuja, anakunywa chai yake, haleti kitabu. Juzi ameniomba nifute yale maneno ya penseli, anasema kitabu kinausifu mtaa, tusikichafue. Nilimjibu vibaya, utanisamehe, ni mzee wangu.

Lakini kifutio nilikuwa nacho kweli, cha wanafunzi wangu. Nilitaka kufuta herufi moja tu, R, niweke L, ili yeyote atakayekifungua baadaye asicheke kama nilivyocheka. Nimeshindwa. Chini ya mwandiko wako nimeandika: "Anaitwa Faustin. Alikuwa chini ya benchi. Baba alijua." Ndiyo maoni yangu juu ya kitabu hiki, na juu yako.

Pumzika, baba, kama mahali ulipo panaruhusu.

Binti yako,
Mwarimu, asiyejua kusoma