Madamu alivyonyamaza

Amisa, mi narudi Muyinga kuuza vitenge na mama. Gitega nimeaibika.

Unajua msimamizi wa staji yangu ya ualimu alisema nafundisha kama niko sokoni. Eti nikiuliza swali ninyamaze, watoto wafikiri.

Leo amekaa nyuma ya darasa. Nikauliza: maji ya mvua yanaenda wapi? Nikanyamaza. Nikanyamaza tena, mdomo unaniwasha.

Arakaza, yule mdogo wa benchi ya mbele, akanionea huruma. Akaja ubaoni, akaninong'oneza: "Madamu, usiogope. Yanaingia ndani ya udongo."

Akaninong'oneza, Amisa. Mi mwalimu.

Wenzake wakasema hapana, mengine yanaenda mtoni, wakaanza kunielezea wote.

Msimamizi amesema hilo ndilo somo langu zuri kuliko yote.

Lile ambalo sikufundisha.