Binti wa Mtu Nusu

Jumatatu, 7 Agosti 1995

Kuponda mawe ya dhahabu tangu saa moja asubuhi. Wanawake sita chini ya turubai, kila mmoja na nyundo yake. Vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Saa nne nyundo ikateleza, ikanipiga kidole cha shahada. Ukucha ukang'oka, mfupa nikauona. Nikalia kidogo, maana aliyeumia hulia. Mama Siwema, anayetupikia chai na maandazi, akanifunga kitambaa.

Saa sita nikachungulia. Ngozi imerudi. Ukucha mpya umeshaanza, mweusi.

Nitakiacha kitambaa siku kumi ili watu wasiulize. Nimezoea. Nina miaka ishirini na sita na sina kovu hata moja.

Alhamisi, 10 Agosti

Duara la Athumani, shimo la dhahabu, limeporomoka. Lile refu, la upande wa Katoro. Watu saba walikuwa chini.

Wanaume walisimama mdomoni mwa shimo wakibishana. Kamba iko wapi, nani ashuke, matimba ya kuzuia kuta yatatoka wapi. Mimi nikasikia mtu anagonga jiwe huko chini. Wao hawakusikia. Masikio yangu si kama yao.

Mwanamke haingii duarani. Mwiko. Wanasema dhahabu inakimbia. Niliingia.

Giza la chini halinisumbui, naona kama kuna mbalamwezi. Nilipofika kwenye kifusi kile kitu kikaja. Huanza na joto tumboni. Kisha masikio yanaziba, nasikia damu yangu tu. Kucha zikatoka, nene, ngumu kama kwato. Nikachimba kwa mikono. Kuna jiwe ambalo wanaume wanne wasingelitikisa. Nililisukuma kwa bega.

Watatu nimewatoa hai. Wa nne nilivuta mkono, mkono ukaja peke yake. Waliobaki nikawaacha.

Wa mwisho kutoka alikuwa Doto, kijana wa Kibondo. Nilipanda naye mgongoni. Juu kulikuwa na jua kali na watu wengi. Nilichelewa kuificha mikono. Waliiona.

Ijumaa, 11 Agosti

Hakuna kazi. Hakuna aliyenisalimia.

Kitu kile kikishaondoka huniacha mtupu siku moja au mbili. Sisikii njaa wala huruma. Leo wajane wamelia mbele yangu nikawatazama kama mtu anayetazama mvua. Najichukia kwa hilo. Hata huko kujichukia kumekuja jioni.

Jumapili, 13 Agosti

Wamenipiga.

Walikuja kama kumi, baada ya ibada, wengine bado wamevaa mashati ya kanisani. Doto mbele. Yule niliyembeba. Akasema tangu niingie shimoni mwamba umekauka, dhahabu haionekani, na kwamba akilala anaona kucha zangu. Alipomaliza akarusha jiwe. Lilinipata mdomoni.

Sikurudisha. Ningerudisha wangekufa, naijua mikono yangu. Nikakaa chini, nikafunika kichwa. Mpini wa sururu ukanivunja mbavu mbili, nilizisikia zikilia kama kuni kavu. Mtu alinikanyaga shingo. Joto lilianza tumboni, nikaliuma kwa meno ili lishuke. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo.

Aliyewafukuza ni Mama Siwema. Alitoka na karai la mafuta ya maandazi, yanachemka bado. "Anayetaka kuungua uso asogee." Hawakusogea.

Alasiri mbavu zimeshikana. Mama Siwema aliona. Alinipa chai. Kisha akanipa barua iliyoletwa na dereva wa lori la pamba. Ya Mama, kwa mwandiko wa katekista wa kwetu.

Kuna karatasi imetupwa mlangoni kwake. Anapewa siku saba aondoke, la sivyo atakatwakatwa. Mjukuu wa Baba mdogo Ng'wandu amekufa kwa homa, mganga ameulizwa, mganga amesema ni kikongwe mwenye macho mekundu. Mama ana macho mekundu. Anapikia mavi ya ng'ombe miaka yote, kuni hakuna kwetu. Moshi ule ungemfanya mtu yeyote mchawi.

Barua haikuniita. Inauliza kama nakula vizuri.

Jumanne, 15 Agosti

Jana lori mpaka Kahama, basi mpaka Shinyanga mjini. Leo pikapu mpaka Mhunze, kisha miguu. Njia nzima pamba imeshavunwa, mashina yamebaki yamekauka.

Mama amepungua. Alikuwa anafagia uwanja.

"Shikamoo, Mayu."

"Marahaba. Umekonda."

Hakuna mwingine aliyekuja kunisalimia. Nyumba za jirani zote milango ilifungwa nilipopita, mchana kweupe.

Nimemwambia tuondoke leo leo. Amekataa. Ameolewa hapa, mume wake amezikwa hapa, mtama wake umo ghalani. Anasema atakayemtaka atamkuta.

Jumatano, 16 Agosti

Leo nimemuuliza mimi ni kitu gani. Miaka yote sikuuliza. Nilimwonyesha kucha, nikamwambia habari za duara. Alikuwa anapepeta mtama. Hakuacha kupepeta.

Anasema mwaka kabla sijazaliwa mvua haikunyesha kabisa. Baba alikuwa ameswaga ng'ombe mbali kutafuta majani. Nyumbani walibaki wazee, watoto, na yeye, mke kijana. Visima vikakauka. Watoto wawili wakafa kwa kiu. Yeye alikwenda kuchimba mchanga wa mto mkavu, siku tatu, bila kupata hata unyevu.

Siku ya nne akatokea mtu ng'ambo ya shimo. Nusu mtu. Mguu mmoja, mkono mmoja, jicho moja, na upande wa pili hakuna kitu, unaona miti iliyo nyuma yake. Wakubwa walimwita shing'weng'we, lile zimwi la hadithi za kutishia watoto. Mama anasema hakuwa na hasira wala furaha. Alipiga mchanga kwa mguu wake, maji yakatoka. Akasema maji yatatoka kila siku Mama akija mwenyewe kuyachota, peke yake, na kwamba kila siku yeye naye atachota kitu kwake.

Mama alikwenda siku arobaini.

"Nilijua ninachofanya," Mama akasema. "Usiseme mama yangu alidanganywa."

Maji yale walikunywa wote. Ng'wandu, mdogo wake Baba, alikuwa kitandani midomo imepasuka. Alikunywa. Hakuna aliyeuliza yametoka wapi. Mvua ilipokuja mtu yule hakuonekana tena. Baba aliporudi alimkuta Mama ana mimba, akahesabu miezi, akanyamaza. Alinipenda hata hivyo. Hilo nalijua bila kuambiwa.

Mwisho akaniambia jambo la kuandika. Upande ule mtupu wa yule aliyekuzaa hauna mtu ndani yake, akasema. Ndiyo maana haufi. Ukikaa huko muda mrefu hutarudi.

Ijumaa, 18 Agosti

Ng'wandu amekuja mwenyewe. Hakuvuka ua. Nimemwamkia, hakuitika.

Mashamba ya Baba yapo karibu na lambo, udongo mweusi, pamba inafika kifuani. Mama akifa au akiondoka yanakuwa ya Ng'wandu. Hakulisema hilo. Alisema mjukuu wake alikuwa anatembea vizuri Jumatatu na Alhamisi akazikwa. Macho yake yalikuwa yamevimba. Nadhani analia kweli. Nadhani pia anayataka mashamba. Yote mawili yanaingia ndani ya mtu mmoja bila shida.

Mama akamwambia, "Shemeji, mwaka wa kiu ulikunywa kwenye kibuyu changu."

Akatema mate chini. "Ndiyo maana naijua kazi yako."

Akaondoka. Masunga, mwanawe, alikuwa amesimama nyuma yake muda wote. Tumechunga mbuzi pamoja tukiwa wadogo. Hakuniangalia.

Jumamosi, 19 Agosti

Hakuna kitu. Nimenoa shoka la Baba. Mama amelificha.

Jumatatu, 21 Agosti

Walikuja saa moja asubuhi, jua limeshatokea. Watatu. Wawili siwajui, watu wa kukodiwa, wamejipaka majivu usoni. Wa tatu alijifunga kitambaa lakini nilimjua kwa mwendo. Masunga.

Mama alikuwa amechuchumaa anawasha moto. Yule mrefu alimwendea moja kwa moja, panga juu, bila neno. Niliweka mkono wangu katikati. Panga likaingia mpaka kwenye mfupa wa kiwiko, likakwama. Alilivuta. Halikutoka. Nikaona usoni mwake anajaribu kuelewa.

Joto. Masikio yakaziba. Safari hii sikulizuia.

Nilimshika taya na bega nikavuta kila kimoja upande wake. Haikuchukua muda. Wa pili alinikata mgongoni mara mbili, ya tatu shingoni. Damu ilikuwa nyingi, ya moto, na ilikatika yenyewe kama bomba lililofungwa. Nilimgeukia. Alikimbia hatua nne. Kucha zangu ziliingia chini ya mbavu zake, nikamwinua, nikampiga chini kwenye jiwe la kusagia. Nikampiga tena alipokuwa ameshakufa. Niliandike lilivyo. Nilifurahia. Upande wangu mmoja ulikuwa mwepesi, kama haupo, na ningeweza kukaa hivyo siku zote.

Masunga alikuwa ametupa panga. Kitambaa kilimwanguka. Alipiga magoti, alikuwa anasema jina langu, Holo, Holo. Niliona midomo, sauti sikuisikia. Nikamshika koo.

Mtu akanishika mkono kwa nyuma. Nikamtupa.

Mlio wa mfupa kuvunjika niliusikia. Katika vyote, huo tu. Mama alikuwa amegonga nguzo ya ghala. Mkono wake wa kulia umekunjika pasipo na kiungo, mfupa umetoka nje.

Kitu kile kikaondoka palepale. Sijui kama kilifukuzwa au kilitosheka.

Mama hakupiga kelele. Alikuwa ananitazama jinsi wale watu walivyonitazama mdomoni mwa shimo.

Aliyemfunga mkono ni Masunga. Alivunja fito za ua, akachana shati lake. Alikuwa anatapika pembeni kisha anarudi kufunga. Mikono yangu nimeitazama sana leo, imetulia tu.

Jumanne, 22 Agosti

Wanaume wa kijiji wamezika wale wawili, ng'ambo ya korongo, haraka. Hakuna aliyetaja polisi. Aliyewakodi hawezi kuwadai na waliozika hawataki kuulizwa.

Masunga amekuja na mkokoteni wa ng'ombe. Ameusema ukweli mbele ya watu: alipewa kazi ya kuonyesha nyumba, akaambiwa atasimama mbali. Baba yake alikuwa amesimama mlangoni kwake anasikia. Hakukanusha. Alionekana mzee kabisa.

Nilipita mbele yake. Ningeweza kumuua. Nilikuwa mtupu bado, isingeniuma. Nadhani hiyo ndiyo sababu sikufanya. Nilitaka, kama nitaua tena, niwe mtu.

Mama amepakiwa juu ya mtama wake. Kila shimo la njia lilimfanya aume kanga. Nilitaka kumshika asitikisike. Akasogea pembeni.

Jumatano, 30 Agosti

Tumefika Ushirombo kwa basi. Mkono wake umenyooshwa upya kwenye zahanati, tabibu anasema utabaki umepinda. Mama Siwema ana dada hapa, ametupa chumba kimoja.

Usiku kucha nikijigeuza anaamka. Nikiokota kisu kukata mchicha anafuata kisu kwa macho. Namlisha uji kwa kijiko, anafungua mdomo, lakini mabega yamepanda. Hakuwaogopa watu wenye mapanga. Ananiogopa mimi.

Heri ningepewa mapigo ya machimboni kila siku kuliko hili.

Jumapili, 15 Oktoba

Mvua za kwanza wiki hii. Nimelima kipande nyuma ya nyumba, mahindi na maharage. Masunga ameleta ujumbe kwamba mashamba yamelala, hakuna anayetaka kuyagusa. Nilimsomea Mama. Alisema, "Yalale."

Mchana nilikaa kizingitini nachambua mbegu. Mama akatoka na kitana mkononi, mkono wa kushoto, ule mwingine hauinuki tena mpaka kichwani. Nywele zake zimejaa mafundo tangu Agosti. Hajamruhusu mtu azichane.

Alikaa chini mbele yangu, akanipa mgongo.

Nilianzia nyuma ya shingo, fundo moja moja. Nywele zake zimebaki chache, nyeupe, zinanukia moshi. Nilikwenda polepole sana. Mara ya kwanza nilipovuta aliinua mabega. Nikasimama. Akayashusha mwenyewe.

Mvua ilianza tena, ndogo. Nilipomaliza upande mmoja kichwa kilikuwa kimeniegemea goti. Amelala. Sikutaka kumwamsha, nikakaa hivyohivyo mpaka miguu ikafa ganzi.

Upande wa pili nitamalizia kesho.